Kuunganisha Kisomaji cha Hereni: Kwa Waya na kwa Bluetooth

Kisomaji cha hereni za kielektroniki ni fimbo yenye antena ndani ya ncha yake, na ndani ya mpini kuna betri, kumbukumbu na skrini ndogo. Kazi yake ina hatua tatu: kuiamsha hereni iliyo sikioni mwa ng'ombe, kuipokea namba yake, na kuifikisha namba hiyo panapotakiwa, iwe kwenye kompyuta mpakato, simu janja au mzani wa mifugo. Hatua mbili za mwanzo hufanyika zenyewe kitufe kinapobonyezwa. Ya tatu huandaliwa na mtu, na hapo ndipo siku nzima ya kazi kwenye kibanio inapoweza kupotea huku ng'ombe mia mbili wakisubiri juani.

Hereni yenyewe haina betri. Ndani ya plastiki mna chipu na koili ya waya mwembamba wa shaba. Kisomaji hutoa uga wa sumaku unaobadilika kwa masafa ya kilohezi 134.2, koili hupata umeme kidogo kutokana na uga huo, chipu ikaamka na kuitaja namba yake. Utaratibu huu umewekwa na viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na ISO 11785, na ndiyo maana hereni ya kiwanda kimoja husomwa na kisomaji cha kiwanda kingine. Namba ina tarakimu 15. Tatu za mwanzo hutaja nchi: 834 ni Tanzania, 404 Kenya, 800 Uganda, 108 Burundi, 646 Rwanda, 180 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Zikiwa kati ya 900 na 998 hutaja kiwanda badala ya nchi. Kumi na mbili zinazobaki ni za mnyama mwenyewe, na hapaswi kuwepo mwingine mwenye namba hiyo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 ndiyo iliyoweka msingi wa kila ng'ombe kuwa na kitambulisho chake. Kitambulisho hicho kina maana pale tu namba inapofika kwenye daftari la kielektroniki bila kukosewa. Afisa mifugo anayesoma namba kwenye skrini ya kisomaji kisha akaiandika kwa kalamu ana nafasi 15 za kukosea kwa kila ng'ombe, na akikosea tarakimu moja tu, chanjo ya dume huyu inaandikwa kwa mtamba wa jirani. Kuunganisha kisomaji na kompyuta ni njia ya kuuondoa mkono wa mwanadamu katikati ya hereni na daftari.

Njia ya kwanza ni waya, na inafaa ianzwe nayo hata na anayekusudia kutumia Bluetooth. Waya hauna mambo mengi: umechomekwa au haujachomekwa. Tena, kama itakavyoonekana, Bluetooth ya visomaji vingi imebuniwa iuige waya huohuo, kwa hiyo aliyeuelewa mmoja ameuelewa mwingine nusu.

Waya wa kisomaji hutumia mawasiliano ya siriali, yaani mawasiliano ya foleni. Biti hupita kwenye waya mmoja, moja nyuma ya nyingine, kama ng'ombe wanavyopita kwenye kibanio. Kanuni iliyotawala kwa muda mrefu inaitwa RS-232, iliyotolewa Marekani mwaka 1960, zamani kabla ya kompyuta za mezani. Kwa kanuni hiyo, umeme wa volti hasi, kati ya 3 na 15, ni 1, na umeme wa volti chanya, kati ya 3 na 15, ni 0. Plagi yake ya kawaida ina pini tisa, lakini kisomaji huhitaji tatu tu. Kwa upande wa kompyuta, pini ya 2 ni ya kupokea, ya 3 ni ya kutuma, na ya 5 ni ya pamoja, ile inayovipa vifaa vyote viwili sifuri moja ya kupimia umeme. Kinachotoka kwa mmoja lazima kiingie kwa mwenzake. Vifaa viwili vikiunganishwa pini ya kutuma kwa pini ya kutuma, vyote vitasema na hakuna kitakachosikia. Hapo dawa ni kebo iliyopishanishwa, ambayo ndani yake waya wa 2 upande mmoja hutokea kwenye 3 upande wa pili.

Ili kuona kwa nini kasi ni jambo kubwa, ifuatwe herufi moja inavyosafiri. Kisomaji kinataka kutuma tarakimu 8, ya kwanza katika 834. Katika msimbo wa ASCII tarakimu hiyo ina namba 56, ambayo kwa biti nane huandikwa 00111000. Waya uliotulia hukaa kwenye 1. Kwanza kisomaji huushusha waya hadi 0 kwa muda wa biti moja. Hiyo ni kama kupiga hodi. Kisha biti nane hufuata kuanzia mkiani: 0, 0, 0, 1, 1, 1, 0, 0. Mwisho waya hurudi kwenye 1, ndiyo biti ya kufunga, na safari ya tarakimu moja imekwisha kwa biti kumi. Kwa kasi ya 9600, iliyo ya kawaida mno kwa visomaji, kila biti hukaa kwenye waya kwa takriban sehemu 104 za milioni ya sekunde.

Katika safari yote hiyo hakuna waya wa kupeleka saa. Kompyuta ikisikia hodi huanza kuhesabu muda kwa saa yake yenyewe, na kuchungulia waya kila inapoamini kwamba biti mpya imefika. Ikiwa imeambiwa kasi ni 19200 ilhali kisomaji kinatuma kwa 9600, itaichungulia kila biti mara mbili, na badala ya 834 skrini itajaa alama za ajabu zisizosomeka. Alama hizo zinatia moyo kuliko zinavyotisha. Zinaonyesha kwamba kebo ni nzima na pini zimekaa sawa. Kilichobaki ni kulinganisha kasi. Kimya kitupu ndicho kibaya zaidi, kwa kuwa hakielezi kosa liko wapi. Kipimo hiki cha kasi huitwa baudi, kutokana na jina la Émile Baudot, Mfaransa mtaalamu wa telegrafu aliyefariki mwaka 1903.

Mipangilio mingine huandikwa kwa mkato 8N1: biti nane za data, hakuna biti ya ukaguzi, biti moja ya kufunga. Kisha kuna udhibiti wa mtiririko, ambao kwa kebo ya waya tatu lazima uzimwe. Ukiachwa kwenye mtindo wa kutumia pini, kompyuta itasubiri ruhusa kupitia waya ambao haumo ndani ya kebo, na itasubiri milele. Kuhusu mwendo, kasi ya 9600 inaonekana ya kizamani lakini inatosha. Namba ya tarakimu 15 pamoja na herufi mbili za kufunga mstari ni biti 170. Hereni 1,000 zilizohifadhiwa kwenye kumbukumbu hushuka kwa sekunde 18 hivi. Hakuna sababu ya kuongeza kasi na kukaribisha makosa, hasa kwa kebo ndefu inayopita karibu na jenereta.

Kompyuta mpakato nyingi za leo hazina tundu la pini tisa. Kati yake na kebo ya RS-232 huwekwa kiunganishi chenye plagi ya USB upande mmoja, au kisomaji chenyewe huwa na chipu ya aina hiyo ndani na kuja na kebo ya USB moja kwa moja. Vyovyote iwavyo, kompyuta huhitaji draiva, yaani programu ndogo inayoitambua chipu hiyo. Chipu zinazokutwa zaidi ni za FTDI na za aina ya CH340. Draiva ipakuliwe mapema, mjini kwenye intaneti, kwa sababu josho likiwa porini hakuna mtandao wa kuitafutia.

Draiva ikikubali, Windows huipa poti jina kama COM3 au COM7, na jina hilo huonekana kwenye Meneja wa Vifaa, chini ya orodha ya poti. Njia ya hakika ya kuijua ni kuifungua orodha, kuichomoa kebo na kuona jina gani linatoweka, kisha kuichomeka tena na kuona jina gani linarudi. Kwenye Linux jina huwa /dev/ttyUSB0 au /dev/ttyACM0, na mtumiaji huenda akahitaji kuongezwa kwenye kundi linaloruhusiwa kugusa poti, ambalo kwenye Debian na Ubuntu huitwa dialout. Jambo moja huwasumbua watu wa Windows mara nyingi: kebo ileile ikichomekwa kwenye tundu jingine la USB, inaweza kupewa namba nyingine ya COM. Jana programu ilisoma COM3 na leo imenyamaza, ilhali hakuna kilichoharibika. Tundu litiwe alama kwa kipande cha plasta, na kebo ichomekwe hapohapo kila siku. Programu za zamani nazo huikataa poti yenye namba zaidi ya 9. Kwa hizo, namba hubadilishwa katika mipangilio ya kina ya poti.

Kabla ya kufungua programu ya usajili wa mifugo, poti ijaribiwe kwa programu nyepesi ya kuonyesha herufi, kama PuTTY au Tera Term. Huchaguliwa COM, kasi 9600 na 8N1, kisha hereni moja mpya, ambayo namba yake imechapishwa kwa nje na inasomeka kwa macho, hupitishwa mbele ya antena. Tarakimu 15 zikijitokeza kwenye dirisha na zikifanana na zilizochapishwa, njia imekamilika. Kisha dirisha hilo lifungwe. Poti ya siriali humilikiwa na programu moja kwa wakati mmoja, na makosa mengi ya kunyimwa ruhusa hutokana na dirisha la majaribio lililosahaulika wazi nyuma ya mengine.

Kwenye kibanio, hata hivyo, waya ni mzigo. Ng'ombe huukanyaga, mtu hujikwaa nao, plagi hujaa vumbi na samadi, na mwenye fimbo hushindwa kuufikia upande wa pili wa kibanio. Hapo ndipo Bluetooth inapohitajika. Jina hilo ni la mfalme Harald wa Denmark aliyeishi karne ya 10, na teknolojia yenyewe hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ikirukaruka, katika aina yake ya awali, kati ya chaneli 79 mara 1,600 kwa sekunde ili kukwepa kelele za redio nyingine.

Ndani ya kisomaji kimoja basi mna redio mbili zenye tabia tofauti kabisa, na kuzichanganya huleta lawama zisizo na mwenyewe. Ile ya kilohezi 134.2 hupenya nyama na maji bila shida, kiasi kwamba kidonge cha kielektroniki kilichomezwa na ng'ombe na kutulia tumboni husomeka kutoka nje ya ubavu. Lakini haifiki mbali, na nguzo za chuma huipotosha. Ile ya gigahezi 2.4 hufika mita kumi au zaidi mahali peupe, lakini hunyonywa na maji, na mwili wa ng'ombe sehemu kubwa ni maji. Fimbo ikilia kuashiria imesoma, na namba isifike kwenye simu iliyo mfukoni mwa mtu aliyesimama nyuma ya fahali, hereni haina kosa. Fahali ndiye ukuta. Simu ikiwekwa juu ya nguzo ya mbao, mahali inapoonana na fimbo, namba hufika.

Hatua ya kwanza ya Bluetooth ni kuoanisha, yaani kuvitambulisha vifaa viwili mara moja ili baadaye vikutane bila maswali. Kisomaji huwekwa katika hali ya kuonekana, simu au kompyuta hukitafuta, na ikidai namba ya siri, visomaji vingi hutumia 0000 au 1234. Kinapokuwepo kisomaji zaidi ya kimoja uwanjani, ni muhimu kuzilinganisha tarakimu za mwisho za jina linaloonekana kwenye orodha na namba iliyobandikwa kwenye mpini. Vinginevyo timu moja itajikuta inapokea ng'ombe wa timu nyingine. Simu za Android kati ya toleo la 6 na la 11 huhitaji ruhusa ya mahali iwashwe kabla programu haijaweza kutafuta vifaa. Kuanzia toleo la 12 ruhusa hiyo ni ya vifaa vilivyo karibu. Mtumiaji aliyekataa ruhusa hiyo siku ya kwanza, bila kujua maana yake, ataona orodha tupu kila siku.

Kuoanisha bado si kuunganisha. Baada ya kutambulishana, vifaa lazima vikubaliane vitazungumza kwa mtindo gani, na kwa kisomaji mitindo ni mitatu.

Wa kwanza unaiga poti ya siriali. Kompyuta hupata COM kama vile kebo imechomekwa, na yote yaliyosemwa juu ya programu ya majaribio yanabaki vilevile; kasi tu ndiyo haina kazi tena, kwa sababu hewani hakuna foleni ya umeme wa kupimiwa muda. Kwenye Windows mara nyingi hujitokeza COM mbili, moja ya kutoka na nyingine ya kuingia. Programu inayokiita kisomaji hutumia ile ya kutoka. Ile ya kuingia hufunguka bila lawama, kisha haitoi chochote, na wengi hurudisha kisomaji dukani kwa sababu hiyo peke yake. Upande wa kisomaji nao una chaguo lake: kusubiri kuitwa, au kukitafuta chenyewe kifaa kimoja kilichozoeleka, kama mzani. Kilichopangwa kuutafuta mzani hakitaiitikia simu.

Mtindo wa pili hukigeuza kisomaji kuwa kibodi. Simu huamini kwamba kuna mtu anaandika tarakimu kwa kasi na kumalizia kwa kitufe cha kuingiza. Uzuri wake ni kwamba hufanya kazi na programu yoyote, na ni njia rahisi kwa iPhone, ambayo haikubali Bluetooth ya mtindo wa siriali isipokuwa kwa vifaa vilivyoidhinishwa na Apple. Ubaya wake ni kwamba kibodi haijui inaandika wapi: kishale kikiwa kwenye ujumbe wa WhatsApp, namba ya ng'ombe itaenda huko. Hatari nyingine iko Burundi na Kongo, ambako kompyuta nyingi hutumia mpangilio wa kibodi wa Kifaransa. Kisomaji hutuma vitufe, hakitumi herufi, na katika mpangilio huo safu ya juu bila kitufe cha herufi kubwa haitoi tarakimu. Hereni ya Kongo inayoanza na 180 huandikwa &_à, na ya Burundi, 108, hutokea &à_. Anayeona hivyo asikilaumu kisomaji. Abadilishe lugha ya kibodi kwenye kompyuta, au mpangilio wa kibodi kwenye kisomaji, mpaka viwili hivi vilingane.

Mtindo wa tatu ni Bluetooth ya nishati kidogo, iliyoingia mwaka 2010 na toleo la 4.0. Kwa kawaida hapa kisomaji hakitafutwi kwenye mipangilio ya simu. Programu yenyewe hukitafuta na kukishika. Data hupita kwa vifurushi vidogo, ambavyo visipopanuliwa hubeba baiti 20 tu. Namba na herufi zake mbili za kufunga ni baiti 17, zinaenea. Lakini kisomaji kikipangwa kutuma pia tarehe na saa, mstari hukatika vipande viwili, na programu isiyojua kuviunga huviandika kama ng'ombe wawili. Ikitokea hesabu ya simu ni mara mbili ya waliopita kwenye kibanio, tarehe iondolewe kwenye mstari kwanza.

Muundo wa mstari unaotumwa unastahili uangalifu kuliko unaopewa. Lililo muhimu zaidi ni kuamua kama baada ya tarakimu tatu za nchi kutakuwa na nafasi tupu. Namba isiyo na nafasi ikifunguliwa kwenye Excel huchukuliwa kuwa kiasi, ikaonyeshwa kama 8.34E+14, na wanyama mia wa zizi moja wakafanana wote. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za maana. Kisomaji kikiongeza tarakimu moja mbele, ya mwisho hugeuzwa 0 kimyakimya na hairudi tena. Namba za Botswana, zinazoanza na 072, hupoteza sifuri yao ya mbele. Nafasi tupu baada ya tarakimu ya tatu huilazimisha Excel kuichukua namba kama maandishi. Kama programu ya usajili haikubali nafasi hiyo, safu itangazwe kuwa ya maandishi wakati faili linaingizwa, kabla namba hazijatua.

Saa ya kisomaji nayo huwekwa wakati huohuo, kwa mtindo wa saa 24. Kosa la Waswahili hapa lina umbo lake: kazi ikianza saa mbili asubuhi, fundi huandika 2, na chanjo zote husomeka zilitolewa saa nane za usiku. Inayoandikwa ni 08:00.

Kabla ya ng'ombe wa kwanza kuingia, hereni ya majaribio ipitishwe mara moja ikiwa mkononi na mara nyingine karibu na chuma cha kibanio, jenereta ikiwa inanguruma kama itakavyokuwa wakati wa kazi na chaja ya kompyuta ikiwa imechomekwa. Chaja na jenereta hutoa kelele zinazofupisha masafa ya antena, na ni afadhali zijulikane mapema. Kumbukumbu ya kisomaji ibaki imewashwa hata Bluetooth inapofanya kazi. Mawasiliano yakikatika kwa dakika tano, namba za dakika hizo zitakuwa ndani ya fimbo.

Jioni, kebo hurudi kazini. Kumbukumbu hushushwa kwa waya kwenye faili lenye tarehe na jina la kijiji, faili hufunguliwa, mistari huhesabiwa na kulinganishwa na idadi iliyo kwenye skrini ya kisomaji na ile ya daftari la mpiga chanjo. Hesabu tatu zikilingana, nakala ya pili huwekwa kwenye flashi. Baada ya hapo ndipo kumbukumbu ya kisomaji hufutwa, na fimbo huwekwa kwenye chaji mpaka asubuhi.